Sista wa Miito Aliyeomba Kunyamaza

Katika parokia yetu ya Migori, sauti ya Sista wa Miito ilifika mahali kabla ya Sista mwenyewe. Ungekuwa sokoni unachagua nyanya, ukasikia mtu akimkemea mwenye boda boda kwa kubeba abiria wawili na mbuzi, ukajua kwamba punde utaliona vazi la buluu likipita, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, simu moja mkononi na nyingine ikilia mkobani. Kazi yake rasmi ilikuwa kuwasaidia wasichana kutambua kama Mungu anawaita utawani. Ndiyo maana tukamwita Sista wa Miito. Jina lake hasa tulilisikia siku za jubilei tu, likitamkwa na mgeni wa heshima, na tulilisahau kabla ya pilau kuisha.

Nilimfahamu kwa zaidi ya miaka ishirini. Sijui alizaliwa wapi, na sikuwahi kumwuliza. Alikuwa mmoja wa wale watu ambao huwezi kuwafikiria wakiwa wachanga. Ni kana kwamba siku moja alishuka kwenye lori la saruji, akiwa mtu mzima, akauliza funguo za ukumbi ziko kwa nani.

Jambo la kwanza ambalo mgeni alipaswa kuelezwa ni hili: mwanamke huyo, ambaye akiwa zahanati alisikika barabara ya Isebania, alitaka ukimya. Masista wako wa namna mbili. Kuna wa nje, wanaofundisha, wanaotibu, wanaolea yatima na kusimamia kila kitu ambacho mapadre hawapendi kusimamia. Na kuna wa ndani, wanaoingia monasteri, mlango ukafungwa nyuma yao, wakabaki humo wakisali mpaka siku ya kuzikwa. Ukienda kuwaona mnaongea kupitia wavu wa chuma. Sista wa Miito alikuwa wa nje. Alitaka kuwa wa ndani. Na jambo hilo alilitangaza kila mahali, kwa nguvu zote za kifua chake.

Simu za kutuma sauti zilipofika, mambo yakazidi. Alianza kututumia kwenye kundi la parokia mafundisho juu ya uzuri wa kunyamaza. Mama mwenyekiti wa jumuiya yetu alinihakikishia kwamba fundisho moja alianza kulisikiliza alipokaa chini kuchambua omena, dagaa za ziwani, akazichambua zote, akaziosha, akazianika, na Sista akawa bado anaeleza jinsi maneno machache yanavyotosha.

Wasichana aliwakusanya wakati wa likizo katika mafungo aliyoyaita Njoo Uone. Mimi nilikwenda mara mbili baada ya kumaliza kidato cha nne. Tulilala kwenye bweni la parokia, tukaamka na kengele, tukasali, tukafagia, tukasali tena. Kisha Sista alisimama mbele yetu na kutueleza habari za wale dada wawili wa Lazaro wa Bethania, Marta aliyehangaika jikoni na Maria aliyeketi miguuni pa Bwana. Masista wa nje ni Marta, alisema, na wa ndani ni Maria. Kila mmoja ajitazame moyoni. Anayejiona ni Marta asimame kulia, aende jikoni. Anayejiona ni Maria asimame kushoto, aende kanisani akae na Bwana.

Sisi sote tulikwenda kushoto.

Sista alitutazama. Akatazama jikoni, ambako sufuria ya maji ilikuwa imeshaanza kutoa mvuke. Akatutazama tena.

"Haya," akasema. "Wote ni Maria. Chakula atapika Lazaro?"

Siku hiyo tulikula saa kumi, ugali mbichi katikati na sukuma iliyoungua, kwa sababu alikataa kumlazimisha yeyote na pia alikataa kupika mwenyewe. Alikaa mlangoni pa jikoni, mikono imefungwa kifuani, akituangalia tukibishana nani ana mwito wa kusonga. Nilikuja kuona baadaye kwamba hilo ndilo lilikuwa fundisho, na mengine yote yalikuwa utangulizi.

Alikuwa na jicho. Hilo hata waliomchukia walikubali. Msichana angekuja amevaa rozari mbili shingoni, amejifunza kutembea polepole, Sista akamtazama hatua tatu na kujua nyumbani kwao kuna mjomba anayetaka kumwoza. Mwingine alikuja na mama yake, na mama ndiye aliyekuwa akijibu maswali yote.

"Anaenda kuwa sista wa nje," mama alisema. "Yule wa kusomea unesi. Hao wa ndani mimi sitaki."

"Kwa nini hutaki, mama?"

"Sasa wa ndani atatusaidia na nini? Hata matanga haji! Nikifa, mtoto wangu atabaki kwa wavu ananiimbia zaburi?"

"Akikuimbia zaburi kila siku mpaka afe, hilo ni dogo?"

Mama alifikiri kidogo. "Si dogo, Sista. Lakini haitabeba jeneza."

Sista alicheka mpaka akakaa chini. Msichana mwenyewe alimtuma chuo cha ushonaji, na sasa ana duka pale karibu na stendi.

Mimi aliniita siku ya mwisho ya mafungo yangu ya pili. Tulikaa kwenye benchi la sakristia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno mazuri juu ya upweke mtakatifu na chumba kidogo chenye msalaba ukutani. Alinisikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, yaani sentensi mbili.

"Nyar Karungu," akasema, maana aliwaita watu kwa walikotoka, "kwenu mnalala wangapi chumba kimoja?"

Nikamtajia ndugu zangu, na shangazi, na watoto wa shangazi.

"Basi wewe huna mwito. Unataka chumba. Nenda ukasomee ualimu, upate nyumba yenye mlango na komeo. Ukishafunga komeo, kama bado unamtaka Mungu, rudi."

Nilikwenda nikasomea ualimu. Nikapata nyumba yenye mlango. Nilipofunga komeo niligundua kwamba nilikuwa na furaha kabisa, na miaka miwili baadaye nikamfungulia mwanamume mmoja fundi wa redio. Sista ndiye aliyefundisha kwaya iliyoimba kwenye harusi yetu, na ndiye aliyewanyamazisha katikati ya wimbo alipoona wapiga besi wanachezea simu.

Tatizo lake lilikuwa kwamba alijua kufanya mambo. Katika shirika la watawa, kama katika familia yoyote, huo ni ugonjwa usio na dawa. Mara ya kwanza alipomwomba Mama Mkuu wa shirika ruhusa ya kuhamia monasteri, alijibiwa kwamba ombi lake ni zuri sana, litawekwa mbele ya Bwana, na wakati Bwana analitafakari, je, angeweza kusimamia hosteli ya wasichana? Alisimamia. Hosteli ikasimama. Akaomba tena. Safari hii wakampa zahanati, kwa sababu sista aliyekuwapo alikuwa ameugua presha. Alipoomba mara ya tatu wakamwongezea kuku, kuku halisi, mabanda kwa mabanda, mradi wa wafadhili ambao mtaalamu wake aliondoka ghafla. Ikawa kichekesho cha mji kwamba usimwache Sista aombe tena, la sivyo watampa uwanja wa ndege.

Alipokea kila kitu. Hilo ndilo sikuweza kulielewa. Alilalamika kwa kila mtu isipokuwa kwa wale waliompa. Mbele ya Fada paroko alisema, "Ndiyo, Fada," kisha akatoka nje na kuilalamikia pikipiki yake akiipiga teke.

Na sala zake! Jumapili jioni tulikuwa na saa ya kuabudu. Sista alipiga magoti mbele kabisa, mgongo umenyooka, uso ndani ya viganja, ungesema malaika. Lakini ukimtazama vizuri, kidole kimoja kilikuwa kikihesabu kitu. Baada ya muda aligeuza kichwa, akamtafuta mtunza sakristia kwa macho, na kwa nyusi tu, bila neno, akamwuliza kama tangi la maji limejaa. Mtunza sakristia akajibu kwa nyusi kwamba pampu imekwama. Yakawa mazungumzo marefu ya nyusi mbele ya Sakramenti, mpaka Sista akainuka, akapiga goti, akatoka. Tukamsikia nje akimpigia fundi simu. Akarudi, akaweka tena uso viganjani.

Mwenye hadweya pale mjini, Mwislamu aliyetoka pwani zamani, alikuwa rafiki yake wa kugombana. Waligombana juu ya mabati na misumari kwa adabu kubwa, kama watu wanaocheza bao. Siku moja nilikuwa dukani alipomweleza habari za monasteri.

"Yaani mtu anaingia, hatoki?" mzee aliuliza.

"Hatoki."

"Hata kwa sikukuu?"

"Sikukuu yao iko humo humo."

Mzee alitikisa kichwa. "Kwetu mtu akitaka kunyamaza na Mola wake, Ramadhani ikikaribia kwisha anaingia msikitini, anakaa itikafu siku kumi, kisha anarudi nyumbani kwa mkewe ale biriani. Nyinyi Sista hamna ya siku kumi?"

"Tuna mafungo ya mwaka."

"Na wewe hayo mafungo ya mwaka umeyafanya lini?"

Sista alisema bei ya misumari imepanda sana, akabadilisha mazungumzo.

Ruhusa ilikuja pasipo kutarajiwa. Shirika lilipata Mama Mkuu mpya, aliyekuwa amekaa ng'ambo kwa masomo, na huyu alisoma ombi akalichukulia kuwa ni ombi. Akalikubali. Hakuwa na habari kwamba kumtoa sista huyu Migori ni kung'oa nguzo huku watu wamekaa ndani. Fada paroko alizipata habari hizo wakati wa chakula cha mchana, na nimeambiwa aliweka kijiko chini, hakukichukua tena.

Sherehe ya kumuaga ilikuwa ya kukumbukwa. Tulikodi vipaza sauti viwili vyenye urefu wa mtu, ili kila mmoja asikie hotuba juu ya ukimya. Mshereheshaji alikuwa kijana wa redio. Mwenyekiti wa baraza alisema dada yetu anakwenda kuwa mshumaa usioonekana, katibu akasema atakuwa mzizi chini ya ardhi, mama mwenyekiti wa jumuiya akasema atakuwa kama betri ya simu, haionekani lakini ikitoka utajua. Zawadi zikaja: sanduku la magurudumu kwa mtu asiyesafiri tena, mbuzi, keki ya ghorofa, na simu mpya kutoka kwa vijana. Mwenye hadweya alileta kufuli, akasema hajui zawadi ya kumpa mtu anayejifungia, basi amechagua iliyo imara. Sista mwenyewe aliongea mpaka jua likahamia upande wa pili wa hema. Alitushukuru, akatuonya, akaeleza kuku wanapewa dawa lini, akalia, akaeleza tena habari ya dawa. Kisha akapanda gari, wakaenda naye kwenye vilima vya nyuma ya Homa Bay, ambako monasteri iko.

Nyumbani wanaume walibishana atakaa muda gani. Mume wangu alisema wiki. Mimi nilisema atakaa, kwa sababu nilikuwa nimemwona usoni alipofunga mlango wa gari. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa maji.

Miezi ile ya kutokuwapo kwake ilitufundisha mengi juu ya kamati. Kamati ya hosteli ilikutana kuchagua kamati ndogo. Kamati ya kuku ilikutana kwa wingi zaidi, hasa Jumamosi, na kuku wakapungua kila ilipokutana. Pampu iliharibika na hakuna aliyekuwa na namba ya fundi, kwa maana namba ilikuwa kichwani mwa Sista, na kichwa kilikuwa nyuma ya wavu. Tuliimba polepole kanisani. Tulianza kusema, kwanza kwa utani, kwamba tunamwombea Sista adumu katika mwito wake, na macho yetu yakasema mengine.

Halafu akarudi.

Hakukuwa na tangazo. Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Nilikuwa ofisini kwa parokia kuchukua cheti cha ubatizo cha binti yangu Akeyo, aliyekuwa darasa la tano wakati huo. Gari likasimama, Sista akashuka na sanduku lile la magurudumu. Lilikuwa limepata safari yake. Alikuwa amenenepa kidogo, na ngozi ya uso imelainika. Nikaduwaa. Fada paroko akatoka ofisini kwake, akamwona. Nilidhani atamwuliza kulikoni, au habari za safari, au hata atasema pole. Alirudi ndani, akatoka na shada la funguo, za hosteli, za zahanati, za mabanda, za ukumbi. Akamwekea mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista," akasema.

"Milele amina, Fada," akajibu.

Basi. Hakuna neno lingine. Nilimwona akizitazama zile funguo mkononi, kisha akavuta sanduku kuelekea hosteli, na kabla sijapata cheti changu nikaisikia sauti yake ikiuliza ni mjinga gani ameacha bomba wazi.

Mji ulijitungia sababu. Walisema alifukuzwa kwa kucheka wakati wa sala za masifu. Walisema alimwuza mbuzi wa monasteri. Mjuzi mmoja wa pale stendi alisema watawa wa ndani hula mara moja kwa siku, na Sista ni mtu wa ugali. Vijana wa kwaya wakimwona walinong'ona, "Ukimya ulimshinda," naye alisikia, maana alikuwa na masikio kama jicho lake, akawaongezea mazoezi. Hakueleza. Mtu huyu aliyeeleza kila kitu, hadi jinsi ya kukunja mfuko wa nailoni, hakueleza hata siku moja kwa nini alirudi. Habari za ukimya zikaisha. Zile sauti za kutumwa kwenye kundi zilibaki za dawa ya kuku.

Aliendelea hivyo miaka mingi, mpaka alipoanguka kwenye ngazi za ukumbi siku ya jubilei ya mtu mwingine, akiwa amebeba viti. Nyonga ikavunjika. Shirika likampeleka kwenye nyumba yake ya masista wazee huko Kendu Bay, na tukaambiwa amestaafu.

Nilikwenda kumwona mwaka jana, na sikwenda kwa ajili yake tu. Akeyo alikuwa ameshakuwa muuguzi katika hospitali moja ya Homa Bay, na kwa muda alikuwa na jambo linalomla. Alikuwa amekubaliwa na masista wa nje waliotaka muuguzi mara moja, wakimpigia simu kila wiki. Na alikuwa amekwenda mara kadhaa kule vilimani, kwenye monasteri ile ile, akarudi kila mara amenyamaza. Ilimpasa kuzijibu pande zote mbili. Alikonda. Baba yake alisema aachwe, mimi nikasema kuna mtu mmoja wa kuulizwa.

Tulimkuta Sista kwenye chumba cha wageni, kwenye kiti chenye mito, fimbo kando, dirisha likitazama ziwa. Sauti ilikuwa imepungua kimo lakini si makali.

"Nyar Karungu! Huyo ni Akeyo? Karibuni, karibuni. Mbona mtoto amekonda hivi, kwenu samaki wameisha?"

Chai ikaletwa na sista kijana wa zamu. Akeyo akaeleza shida yake yote, ya nje na ya ndani. Sista alimsikiliza mpaka mwisho. Nilitazama jambo hilo kama mtu anayetazama mvua ikipanda juu. Kisha akaniambia, "Wewe ulitaka kuniuliza kwa nini nilirudi. Umetaka kuniuliza tangu siku ile ya funguo."

"Nimetaka, Sista."

"Nitamjibu huyu, wewe usikilize." Akamgeukia Akeyo. "Nilipofika kule, Mama Abesi, mkuu wa monasteri, alinionyesha chumba. Nikalala. Nikaamka kwa sala, nikarudi nikalala. Wiki ya kwanza, wiki ya pili. Hakuna aliyenigongea, nyathina, mwanangu. Hakuna simu. Hakuna kuku. Nililia kwa furaha, nikamwambia Bwana, umenipata, huu ndio mwito wangu. Halafu siku moja nikaamka, nikajisikia nimeshiba usingizi. Nimeshiba kabisa. Nikaenda kule wanakooka hostia, mikate ya misa. Nikaona tanuri limewekwa vibaya."

Akeyo akaanza kucheka, akajizuia.

"Cheka tu. Nililihamisha. Hostia zikatoka nyingi. Nikatafuta parokia za kuziuza, Migori, Rongo, mpaka Kuria huko. Maagizo yakaja. Masista wakawa wanakimbia kutoka masifu kwenda tanurini. Nikapanga zamu. Mtu akitaka kutafakari, zamu yake inamngoja. Mwishowe Mama Abesi akaniita, mpole sana yule mama, akaniambia, 'Dada, tuliingia humu tukiwa tunasali. Sasa tuna kiwanda.' Nikamwambia lakini mimi nimeitwa. Akasema, 'Hukuitwa, dada yangu. Ulichoka.'"

Akatazama kikombe.

"Nilikasirika. Nilisema nimeomba jambo hili tangu ujana. Akasema, 'Ndiyo, umechoka tangu ujana.' Na ilikuwa kweli. Sisi masista wa nje haturuhusiwi kuchoka. Tunaruhusiwa kuitwa. Ningemwandikia nani kwamba nataka kulala wiki tatu? Nikaomba maisha yote. Hiyo wanaielewa, ni takatifu."

"Kwa nini hukutuambia?" nikauliza.

"Niwaambie nini? Kwamba Sista wa Miito, aliyewapima wasichana wote wa Migori, alidanganywa na usingizi? Mama Abesi aliniambia nikichoka tena nije nilale. Sikwenda. Fada aliniwekea funguo mkononi, nami nikafunga vidole."

Akeyo alikuwa ameinamisha kichwa. "Sasa mimi nitajuaje, Sista?"

"Zamu za usiku umefanya mara ngapi mwezi huu?"

Akeyo akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Umelala vizuri lini?"

"Sikumbuki."

"Basi usimjibu mtu yeyote. Ukiwa na usingizi, malaika na shetani wana sauti moja. Chukua likizo, uende kwa mama yako, ulale mpaka usingizi ukukatae. Halafu tazama miguu yako inaenda wapi yenyewe. Ikienda kupanga tanuri la watu, wewe ni wa nje, nenda ukawatibu. Ikibaki pale pale na moyo hausumbuki, nenda kule juu, na mama yako aache kulia."

"Mimi silii," nikasema.

"Utalia."

Nililia, ni kweli, miezi kadhaa baadaye. Akeyo alichukua likizo, akalala kwetu mpaka mume wangu akawa anachungulia kama anapumua. Aliposhiba alikaa siku nyingi barazani, mikono mapajani, bila kitu, bila simu, akiwa mzima na mwenye amani kuliko nilivyowahi kumwona, huku vyombo vikimngoja. Alivitazama tu. Sasa yuko monasteri. Ninamwona kupitia wavu, na amenenepa.

Lakini siku ile ya Kendu Bay bado tulikuwa tunakunywa chai gari lilipopiga honi nje. Sista kijana wa zamu akaingia, akihema.

"Sista, Fada wa hapa amekuja. Ile harambee ya kikanisa cha kule ufukweni. Wageni wamefika wote na msemaji hajatokea. Anasema uje useme maneno machache tu, atakurudisha."

Sista akaweka kikombe chini. Akashika fimbo. Mguu mmoja ukaanza kutafuta kiatu chini ya kiti, na nikaona uso wake ukiingia kazini, kama taa inavyowashwa katika nyumba ya mtu mwingine. Kiatu kikapatikana. Kisha mguu ukasimama.

"Mwambie siendi."

Sista kijana alibaki amesimama. "Nimwambie unasali?"

"Sisali. Si unaona nakunywa chai?"

"Nimwambie unaumwa? Nyonga?"

"Nyonga leo ni nzima."

"Sasa, Sista, nimwambie nini?"

"Mwambie nimechoka."

Yule sista kijana alimtazama kana kwamba ametamka neno lisilotamkwa karibu na altare. Akanitazama mimi, akamtazama Akeyo, akitafuta mtu wa kumsaidia kulibeba.

"Umechoka tu?"

"Nimechoka tu. Liseme hivyo hivyo, usiliongezee kitu."

Akatoka. Sisi watatu tukabaki tukisikiliza. Tuliisikia sauti ya Fada, haikueleweka, halafu mlango wa gari. Vidole vya Sista vilikuwa bado vimeishika fimbo. Gari likawashwa, likageuka uani, likaondoka kuelekea barabarani, na mngurumo wake ukafifia.

Aliendelea kungoja kwa muda, kama mtu aliyeona umeme akangoja radi. Haikuja. Akaachia fimbo, akakivua kile kiatu kwa mguu wa pili, akamwuliza Akeyo kama kwenye birika kumebaki chai.